Lenzi za Nikkor za kabla ya 1977 kwenye kamera za filamu zilizokuja baadaye: zipi zinakubali, zipi zinavunjika

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Kuna swali limekuwa likirudi humu mara kwa mara. Mtu amepata lenzi ya Nikkor (jina la lenzi za Nikon) ya miaka ya sitini au mwanzoni mwa sabini, ya urithi au ya kununua mtandaoni kwa bei nafuu, naye anauliza kama itaingia kwenye kamera ya filamu aliyo nayo. Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba mdomo wa kamera za Nikon, yaani mahali lenzi inapofungwa, haujabadilika tangu 1959, kwa hiyo aifunge tu aendelee na kazi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halijakamilika, na pale lilipopungua ndipo kamera za watu zinapoharibikia. Nimeona ni vema tuwe na uzi mmoja unaoeleza jambo hili kwa kirefu, ili anayekuja baadaye asikimbilie kulazimisha chuma kwenye chuma.

Tuanze na kile kilicho kweli. Nikon F ilitoka mwaka 1959, na umbali kutoka uso wa mdomo wake hadi ilipo filamu ni milimita 46.5. Umbali huo ulibaki vilevile katika kamera zote za filamu za ukoo huo zenye kioo kinachopanda ndani wakati wa kupiga, hadi F6 ya mwaka 2004. Hii ndiyo maana lenzi ya 1962 hutua picha yake sawasawa juu ya filamu ya kamera ya 1999, na pete ya fokasi hufika hadi ile alama ya nane iliyolala, ya umbali usio na mwisho, bila tatizo lolote. Wenzo unaofunga apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nao ulibaki mahali pake. Kwa upande wa vioo na kwa upande wa kufunga na kufungua apecha, basi, lenzi ya zamani na kamera mpya zaidi zinaelewana kabisa.

Pale zisipoelewana ni kwenye mita ya mwanga. Unapotazama kupitia kamera ya aina hii, lenzi huwa wazi kabisa ili uone vizuri na uweke fokasi kwa urahisi. Apecha uliyoichagua hujifunga pale tu unapobonyeza kitufe cha kupigia. Mita nayo hupima mwanga lenzi ikiwa bado wazi. Ili itoe jibu sahihi lazima iambiwe kwamba, wakati wa kupiga, lenzi itafungwa kwa hatua ngapi (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu) kutoka pale ilipo wazi kabisa. Mawasiliano hayo kati ya lenzi na mita ndiyo yaliyobadilika, na yalibadilika mwaka 1977.

Kabla ya mwaka huo, kazi ilifanywa na kile kipande cha chuma chenye umbo la uma kilichofungwa kwa skrubu mbili juu ya pete ya apecha. Uma ule ulishika pini iliyotokeza kwenye kichwa cha kamera, na ukizungusha pete, pini inafuata. Aliyewahi kutumia Nikkormat FTn ya mwaka 1967 anakumbuka kwamba kila ukibadilisha lenzi ilikupasa uizungushe pete ya apecha hadi mwisho mmoja na kuirudisha hadi mwisho mwingine, ili kamera ijue lenzi hiyo inafunguka kiasi gani. Mwaka 1977 Nikon walileta mfumo walioupa jina la AI. Badala ya uma kushika pini, nyuma ya pete ya apecha kuliwekwa ukingo mfupi ambao, lenzi ikifungwa, unasukuma kijino kilichoko pembeni mwa mdomo wa kamera. Hakuna tena kuzungusha pete huku na huko. Ukifunga lenzi, mita inajua.

Sasa angalieni hatari ilipo. Lenzi ya AI imepunguzwa chuma nyuma ya pete yake, ukabaki ukingo wa sehemu tu ya duara. Penye nafasi iliyoachwa wazi ndipo kijino kinapokaa. Lenzi ya kabla ya AI haikupunguzwa chochote. Nyuma ya pete yake ni ukuta kamili unaozunguka karibu duara zima, na ukuta huo unashuka hadi pale kijino kilipo. Ukiifunga kwenye kamera yenye kijino kisichokunjika, ukuta unakikandamiza kijino. Utahisi ugumu kidogo, utadhani ni uzee wa lenzi, utaongeza nguvu, na kijino kitapinda au kitakatika. Baada ya hapo hata lenzi za AI ulizo nazo hazitapimwa sawasawa kwenye kamera hiyo.

Kwa bahati nzuri, wahandisi wa 1977 walijua kwamba wateja wao wana lenzi nyingi za zamani ambazo hawatazitupa. Katika kamera za kipindi kile cha mpito waliweka kijino kinachokunjika: unabonyeza kitufe kidogo kilichopo hapo hapo, unakiinua kijino kikae pembeni, na lenzi ya zamani inaingia bila kugusa kitu. Kamera hizo ni FM na Nikkormat FT3 za mwaka 1977, EL2 ya mwaka huohuo, F2A na F2AS, FE ya mwaka 1978, F3 ya mwaka 1980, na baada ya kimya cha miaka minane, F4 ya mwaka 1988. Mimi naziheshimu sana kamera hizi, kwa sababu zilitengenezwa na watu waliokataa kumwadhibu mteja kwa kununua mapema.

Zisizokunjika kijino ni nyingi zaidi, na kwa bahati mbaya ndizo zinazotafutwa zaidi sokoni. FM2 ya mwaka 1982, FE2 na FA za mwaka 1983, F-301, F-501, F-801, F90, F5, F100 ya mwaka 1999 na FM3A ya mwaka 2001, zote usizifunge lenzi ambayo haijabadilishwa. Zipo pia kamera kama F80 ambazo hazipimi kabisa mwanga kwa lenzi isiyo na mguso wa umeme. Hata ukipata lenzi safi ya AI, mita yake itanyamaza.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote katika uzi huu: kamera bora kwa lenzi za zamani siyo mpya kuliko zote wala siyo ile yenye jina kubwa. Ni ile ya mpito. FM na FE za kwanza huuzwa kwa bei ya chini kuliko FM2 na FE2 zilizozifuata, kwa sababu watu wanatazama kasi ya shata (pazia linaloifungulia filamu mwanga), 1/1000 ya sekunde dhidi ya 1/4000, na hawatazami kijino. Kwa mwenye sanduku la lenzi za 1965, kijino ndicho kitu cha kwanza kutazamwa.

Namna ya kuitambua lenzi kabla ya kuifunga ni kuigeuza na kutazama nyuma ya pete ya apecha, siyo mbele. Ukiona ukuta unazunguka karibu wote bila kukatwa, ni ya zamani. Ukiona sehemu kubwa imekatwa na umebaki ukingo wenye mwanzo mkali, ni ya AI au imebadilishwa. Alama nyingine ni uma: wa lenzi za AI una matundu mawili yaliyotobolewa, wa zamani hauna. Hata hivyo uma peke yake usiutegemee, maana lenzi iliyobadilishwa inaweza kuwa bado na uma wake wa awali. Tazama pia tarakimu: lenzi za AI zina safu mbili za namba za apecha, na ile ndogo, iliyo karibu zaidi na mdomo wa kamera, iliwekwa ili namba isomeke ndani ya kitazamio.

Kupima mwanga kwa lenzi ya zamani kwenye FM ni kazi rahisi ukishazoea. Ukishakikunja kijino na kufunga lenzi, weka fokasi lenzi ikiwa wazi, kama kawaida. Bado inajifunga yenyewe wakati wa kupiga, kwa hiyo kitazamio hakipungui mwanga wake. Vuta kidogo mkono wa kusogezea filamu ili mita iwake. Chagua apecha, tuseme f/8 (namba kubwa ni tundu dogo), kisha bonyeza wenzo ulio kando ya mdomo, ule wa kuchungulia kina cha fokasi. Kitazamio kinaingia giza kwa sababu lenzi sasa imefungwa kweli hadi f/8, na mita inaona mwanga uleule utakaoifikia filamu. Badilisha kasi ya shata hadi taa ndogo ya duara iwake peke yake bila alama ya kuongeza wala ya kupunguza, achia wenzo, kitazamio kinarudi kuwa cheupe, piga. Kwenye FE utaona mishale miwili badala ya taa. Mshale mweusi ni maoni ya mita na ule wa kijani ni kasi uliyoiweka, nao unatakiwa ukutane na mweusi huku wenzo ukiwa umebonyezwa.

Usipobonyeza wenzo, mita inasoma lenzi iliyo wazi na kudhani ndivyo utakavyopiga, na kwa f/8 kwenye lenzi ya f/2 utakuwa umeinyima filamu hatua nne nzima za mwanga. Na ukirudi kwenye lenzi ya AI, kumbuka kukishusha kijino. Kikibaki kimekunjwa, mita haitapata habari yoyote kutoka kwenye pete.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Shukrani, mleta uzi. Mimi nina FM2 na sina mpango wa kuiuza. Nina pia Nikkor-H 50mm f/2 ambayo naipenda. Nimesoma kwamba mtu anaweza kuchukua tupa akapunguza ule ukuta wa nyuma ya pete mwenyewe nyumbani. Je, unanishauri nifanye hivyo, au nitafute fundi?

MLETA UZI

Ndugu, inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri, lakini acha nikueleze yaliyomo kabla hujashika tupa.

Jambo la kwanza ni mahali ukingo unapoanzia. Kijino cha kamera yako husukumwa na mwanzo wa ukingo huo, na ukiukata mahali pasipo sahihi, mita yako itadanganya kwa kiasi kilekile kwenye kila apecha. Kosa la aina hiyo unaweza kuliishi, kwa kuweka kasi ya filamu tofauti na iliyoandikwa kwenye boksi, lakini ukibadilisha lenzi itakubidi ukumbuke kuirudisha, na siku moja hutakumbuka. Kwa hiyo usikate kwa kukisia. Azima lenzi ya AI yenye apecha kubwa ileile ya f/2, weka zote mbili kwenye apecha moja, na uhamishe alama kutoka moja kwenda nyingine.

Jambo la pili ni vumbi la alumini. Pete lazima itolewe kabisa kwenye lenzi kabla ya kuikata. Nimeona lenzi iliyokatwa ikiwa imefungwa kama ilivyo, na chembe za chuma zimeingia kwenye hesi za fokasi, yaani nyuzi za skrubu zinazosogeza lenzi wakati wa kuweka fokasi. Pete ya fokasi ilikuwa inakwaruza kila ikizungushwa. Kuitoa pete kunahitaji kufungua skrubu za mdomo wa nyuma wa lenzi, na hapo wengi huziharibu, kwa sababu skrubu hizo ni za kiwango cha Kijapani na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri kwenye vichwa vyake. Inateleza na kula msalaba wa skrubu. Bisibisi za kiwango hicho zinapatikana mtandaoni. Nunua kwanza ndipo ufungue.

Njia iliyo bora ni kutafuta pete halisi. Mfumo ulipobadilika mwaka 1977, Nikon walitengeneza pete mpya za apecha kwa ajili ya lenzi nyingi za zamani, na mteja alipeleka lenzi yake ikabadilishwa pete. Huduma hiyo ilishakwisha zamani, lakini lenzi zilizobadilishwa namna hiyo bado zinauzwa, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui alichonacho. Angalia picha za tangazo: jina la lenzi kwenye pete ya mbele ni la zamani, kwa mfano Nikkor-H, lakini safu za namba za apecha ni mbili. Hiyo itaingia kwenye FM2 yako bila tupa.

Kama utampelekea fundi, mtafute mwenye mashine ya kukereza na umwonyeshe kamera yenyewe. Fundi mwenye akili ataomba kuona kijino kabla ya kukata kitu chochote.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi naona mnajitaabisha bure. Lenzi za zamani zina kamera zao za zamani. Nikkormat FTn zipo tele, ni ngumu kama chuma cha reli, na zinapima lenzi hizo zikiwa wazi, bila kubonyeza wenzo wala kukata pete. Kwa nini mtu asinunue moja amalize?

MLETA UZI

Hoja yako ni ya haki, na mwenye Nikkormat nzima asiiache. Kikwazo ni betri. Nikkormat FTn, na hata vile vichwa vya Photomic (vitazamio vyenye mita) vya Nikon F, vilisanifiwa kwa betri ya zebaki aina ya PX625 yenye volti 1.35, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kushikilia volti hiyo karibu bila kubadilika hadi inapokufa. Betri za zebaki zimepigwa marufuku. Marekani walifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1996 na nchi nyingine nyingi zimefuata njia hiyo. Inayouzwa leo kwa umbo lilelile ni ya alkali, yenye volti 1.5 ikiwa mpya na inayoshuka polepole kadiri inavyotumika. Mita iliyosanifiwa kwa 1.35 inaanza kwa kosa la upande mmoja, na kosa lenyewe linahama wiki hadi wiki. Zipo adapta zinazoshusha volti, na wapo mafundi wanaorekebisha mita, lakini gharama hiyo ijumlishe kwenye bei ya kamera kabla hujasema ni nafuu.

FM, FE na F3 hutumia betri mbili ndogo za LR44, zile za saa na vikokotoo, zinazopatikana karibu kila mji. FM inakwenda mbali zaidi: betri zikiisha, kasi zake zote za shata zinaendelea kufanya kazi, na kinachokufa ni mita peke yake. FE ikikosa betri inabaki na kasi moja ya 1/90 na ile ya kushikilia shata wazi.

Lakini nitakubaliana nawe kwenye jambo moja. Anayepiga kwa filamu ya negativu, mchana, kwenye jua la wazi, hahitaji mita kwa kila picha. Filamu ya kasi ya ISO 100 kwa f/16 na 1/125 itatoka vizuri katika jua letu kali kwa kamera yoyote, ya mwaka wowote.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimefurahi kukuta uzi huu, kwa sababu nina tatizo ambalo sijalipatia jibu. Nina FE na Nikkor-Q 135mm f/3.5. Nimefuata utaratibu kama ulivyoueleza, kubonyeza wenzo na kupima lenzi ikiwa imefungwa, na mishale inakutana vizuri. Hata hivyo negativu zinarudi nyeusi mno, hasa zile nilizopiga f/11 na f/16. Picha za f/4 ni nzuri. Lenzi yangu nyingine ya AI kwenye kamera hiyohiyo haina tatizo. Niko Tanga, na lenzi hii ilikaa miaka mingi kabatini kabla sijaipata.

MLETA UZI

Maelezo yako ni kamili kiasi kwamba karibu yanajijibu. Negativu nyeusi maana yake mwanga umezidi. Unazidi kwenye apecha ndogo na hauzidi kwenye f/4, ambapo majani ya apecha hayana safari ndefu. Na lenzi ya pili ni nzima. Kamera yako haina hatia; majani ya apecha ya hiyo 135mm ni mazito.

Unapobonyeza wenzo wa kuchungulia, majani yanapewa muda wote yanaoutaka. Yakichukua nusu sekunde kufika f/16, wewe huoni tofauti, na mita inasoma f/16 kamili na kukupa jibu sahihi. Unapopiga, majani yanatakiwa yafike f/16 katika ule muda mfupi ambao kioo kinapanda, kabla shata haijafunguka. Yakichelewa, shata inafunguka huku lenzi ingali kwenye f/5.6 ikielekea f/16. Ndiyo maana kipimo kilikuwa sahihi na picha ikaharibika. Lenzi ya zamani inayopimwa ikiwa imefungwa inaweza kuuficha ugonjwa huu kwa muda mrefu, na mwenye nayo akailaumu mita.

Ipime hivi. Itoe lenzi kwenye kamera na uiweke f/16. Nyuma kuna wenzo mdogo. Usukume kwa kidole hadi majani yafunguke kabisa, kisha uachie ghafla. Yanatakiwa yajifunge kwa mpigo mmoja, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Ukiyaona yakitembea, hata kidogo, kuna mafuta. Elekeza lenzi dirishani na utazame majani kwa pembe: yaliyo safi ni makavu na meusi bila mng'ao, yenye mafuta yana wangavu kama wa rangi iliyolowa. Mafuta hayo hutoka kwenye grisi ya hesi za fokasi, ambayo kwa joto na miaka huyeyuka na kutambaa. Kabati la nyumba ya pwani ni mahali pake hasa. Tiba ni kuifungua lenzi na kuyasafisha majani hadi yawe makavu kabisa, bila kuyatia kilainishi chochote, na hiyo ni kazi ya fundi wa lenzi.

Ukiwa umeielekeza dirishani, angalia pia kama kuna nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni mwa kioo kuja katikati. Hiyo ni kuvu. Ikiwa changa inafutika. Ikikaa sana inakula ile rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hakuna fundi atakayeirudisha. Lenzi ikishasafishwa, usiirudishe kwenye mkoba wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na vifuko vya kukausha unyevu ndani yake kinatosha, mradi vifuko hivyo uvikaushe upya kila vinapolowa.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimeipima sasa hivi. Majani yanatembea, na kwa jicho la kawaida nayaona yakienda. Nashukuru sana, nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya kutengeneza FE.

MCHANGIAJI WA NNE

Naomba kuuliza nje kidogo ya Nikon. Nina lenzi ya Helios 44-2 iliyotoka kwenye kamera ya Zenit, na nimepewa Canon EOS ya filamu isiyo na lenzi. Jirani yangu ana Pentax K1000 naye anataka kuitumia Helios hiyohiyo. Je, inawezekana kwa kamera zote mbili?

MLETA UZI

Dada, au kaka, inawezekana kwa zote mbili, na hesabu yake ni ileile ya umbali kutoka mdomo hadi filamu. Helios 44-2 ni ya mdomo wa hesi wa M42, ambao umbali wake ni milimita 45.46. Canon EOS, tangu ilipoanza mwaka 1987, ina milimita 44.0. Tofauti ni karibu milimita moja na nusu, na pengo hilo linajazwa na adapta ya chuma isiyo na kioo ndani. Fokasi itafika mbali kabisa. Kwa upande wa Pentax, mdomo wa K ulioanza mwaka 1975 ulipewa umbali uleule wa 45.46 kwa makusudi, ili wenye lenzi za hesi wasiachwe nyuma. Kwa hiyo adapta yake lazima izame ndani ya mdomo isiongeze unene wowote. Zipo adapta za bei rahisi zenye ukingo unaokaa juu ya mdomo. Hizo zinaisogeza lenzi mbele, na utapoteza fokasi ya mbali. Mwambie jirani yako anunue isiyo na ukingo, na ajue kwamba kuitoa kunahitaji kubonyeza kijichuma kidogo chenye springi kwa ncha ya kalamu.

Helios 44-2 ina pete mbili, moja ya kuchagua apecha na nyingine ya kuifunga kwa mkono, kwa hiyo haihitaji kusukumwa na kamera. Weka fokasi ikiwa wazi, izungushe pete hadi ifungike, pima, piga. Tofauti na Nikkor kwenye FM, hapa kitazamio kinabaki na giza hadi utakapoifungua tena. Kwenye EOS weka hali ya Av. Itakuonyesha 00 mahali pa namba ya apecha, usishtuke, na itachagua kasi ya shata yenyewe. Taabu ya EOS iko kwenye kuona fokasi, kwa sababu vioo vyake vya kitazamio vilitengenezwa kwa ajili ya fokasi ya kujiendesha, na nyingi hazina ile duara iliyogawanyika katikati inayosaidia kuweka fokasi kwa mkono. Kitazamio cha K1000 kinafaa zaidi kwa kazi hii, na kwa Helios ningeichagua hiyo.

Usijaribu kuipeleka Helios kwenye Nikon. Umbali wa Nikon ni 46.5, mrefu kuliko wa lenzi, na hakuna adapta ya chuma inayoweza kupunguza umbali. Zinazouzwa zikiwa na kioo ndani zinarudisha fokasi ya mbali kwa kuharibu picha, na mimi sizipendekezi kwa mtu yeyote.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimeamua kuiacha Nikkor-H yangu bila kuikata. Nitatafuta kamera ya pili yenye kijino kinachokunjika. Nimeonyeshwa F3 na F4, zote kwa bei inayokaribiana. Ipi inafaa zaidi kwa lenzi za zamani?

MLETA UZI

Zote mbili zinakunja kijino, na zote mbili zinakupa kioo cha kupandisha na kukifunga juu, jambo ambalo FM na FE hazina. Hilo linahusika ukikutana na zile lenzi chache ambazo nyuma yake inaingia ndani sana ya kamera, kama 21mm f/4 ya mwaka 1959. Hizo huwezi kuzifunga kabla ya kukifungia kioo juu.

F3 ni nyepesi, ina kitazamio kikubwa kilicho safi, na unasogeza filamu kwa mkono. Betri zikikufa ina wenzo wa dharura unaopiga kwa 1/60. F4 ni nzito na inasogeza filamu kwa mota, lakini inatumia betri za AA zinazopatikana dukani popote, na ina kitu ambacho hakuna kamera nyingine ya kijino kinachokunjika inacho: ukiwa na lenzi inayofunguka hadi f/5.6 au kwa upana zaidi, hata ya 1965, kuna taa ya kijani ndani ya kitazamio inayowaka fokasi inapokaa sawa. Kwa macho yanayochoka, au kwa 105mm f/2.5 iliyofunguliwa kabisa kwenye uso wa mtu, taa hiyo ina thamani kubwa. Aidha F4 inazipima lenzi za AI kwa kugawa picha sehemu sehemu, siyo kwa wastani wa katikati tu, kwa hiyo ukichanganya lenzi za vizazi viwili kila kimoja kitapata haki yake.

Kwa lenzi isiyo ya AI, katika kamera zote mbili, tumia hali ya mkono na ubonyeze kitufe cha kuchungulia wakati wa kupima. Kabla ya kulipa, kikunje kijino na kukishusha mwenyewe mara kadhaa uone kwamba kinarudi bila kulegea, na kwa F4 tazama namba zilizo ndani ya kitazamio kwenye mwanga hafifu, kwa sababu kioo chake cha namba huvuja wino mweusi kadiri umri unavyokwenda. Madoa ya pembeni yanavumilika. Yakiwa yamefunika kasi ya shata, chukua F3.